Je, ni Dhambi Kulilia Kitu Tulichokiuza?

Tunawaandikia ninyi mliovuka Rusizi pamoja nasi miaka mingi iliyopita, na ninyi mliovuka mwaka 2025 na ambao bado mnajifunza njia za huku.

Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa kanisa letu alibaki kwenye benchi wengine walipokwisha kutoka. Tulipomkaribia alisema, "Pasta, niombee, nimetenda dhambi." Tulidhani ni jambo la nyumba. Kumbe alikuwa ameuza cherehani yake. Aliivusha mpaka kichwani siku ile ambayo wengine walivusha magodoro, na huku ikamlisha miezi mingi kwa kushona sare za shule na kupunguza nguo za majirani. Kisha mtoto wake wa kiume akahitaji kupasuliwa, na cherehani ikaenda. Mtoto amepona, Bwana asifiwe. Lakini mama halali. Usiku anausikia mlio wa ile mashine. Ndugu mmoja muumini alimkemea, akamwambia amkumbuke mke wa Lutu (Luka 17:32), kwa kuwa anatazama nyuma. Swali lake kwetu lilikuwa fupi: Je, ni dhambi kulilia chuma wakati Mungu ameniponyea mtoto?

Hatukumjibu siku hiyo. Tuliomba naye tukamwacha aende, kwa sababu swali lake lilitugusa mahali ambapo sisi wenyewe tumekuwa na kidonda kwa miaka zaidi ya 20. Leo tunajaribu kujibu, na tunaomba mtuvumilie, maana itabidi tuanze na habari za kwetu.

Wengi wenu hamjui kwamba kabla ya kwenda chuo cha Biblia tulikuwa tukipata mkate wetu kwa kupiga picha. Kamera tuliirithi kwa mjomba wetu pale Kadutu, Bukavu. Ilikuwa Yashica ya aina ya FX-3, iliyoanza kutoka Japani mwaka 1979, nyeusi, yenye ngozi ya kubandika iliyokuwa imeanza kumeguka pembeni kama ganda la mti. Wasiozijua kamera za zamani watuwie radhi kidogo. Ile haikuhitaji betri ili ipige picha. Betri mbili ndogo mfano wa vifungo vya shati zilikuwa za kupimia mwanga tu, na zilipokwisha tulipima mwanga kwa macho: jua kali la ziwani hivi, kivuli cha ukumbi wa kanisa vile. Mjomba alikuwa amekwaruza herufi mbili za jina lake chini yake kwa msumari. Jumapili tulisimama nje ya kanisa, watu wakitoka tukawapiga, na siku chache baadaye tukawaletea picha zao, wakalipa. Ndoa, mazishi, ubatizo, picha ndogo za vitambulisho. Kodi ya nyumba ilitoka humo.

Hata kabla ya kuishika sisi wenyewe tulikuwa tumeshaona kazi ya picha. Mwaka 1994, tukiwa bado wavulana, watu kutoka Rwanda walijaza makambi ya pande zetu za Bukavu, na katika msukosuko ule watoto wengi walipotezana na wazazi. Msalaba Mwekundu, UNICEF na wengine waliwapiga picha watoto wale, wakazibandika kwenye mbao ili watu wapite na kutazama. Nyuso na namba, mstari juu ya mstari. Mama anapita, anatazama, anapita tena. Tangu hapo hatujaweza kukubaliana na mtu anayesema kwamba picha ni starehe ya wenye pesa.

Mwisho wa Mei 2004 risasi zilianza kulia Bukavu, na tarehe 2 Juni mji ukaangukia mikononi mwa askari wa Nkunda na Mutebutsi. Sisi tulivuka daraja la Rusizi ya Kwanza tukiwa na Mama watoto, binti yetu wa mwaka mmoja mgongoni mwake, mfuko mmoja wa nguo, na kamera shingoni chini ya koti. Siku ya tano binti alishikwa na homa kali. Ilikuwa malaria, na alikuwa ameanza kulegea shingo. Pesa tuliyokuwa nayo haikutosha dawa na chakula. Tulipanda Kamembe asubuhi, tukatembea na ile kamera duka kwa duka, na kabla ya saa sita tukaiuza kwa franka 15,000.

Mnunuzi alikuwa mtu mwema, tusimseme vibaya. Alihesabu pesa mbele yetu, kisha akaigeuza kamera, akafungua mgongo wake palepale juani ili aone kama ndani ni safi. Filamu ilikuwamo. Katika haraka ile tulikuwa tumesahau kuirudisha kwenye mkebe wake na kuitoa, jambo ambalo mpiga picha hasahau hata akiamshwa usiku. Zilikuwa picha 22: ubatizo wa Pasaka katika ziwa Kivu, watu wakitoka majini wameloa, na picha moja ya mama yetu mzazi amesimama mlangoni kwake Kadutu, akicheka kwa sababu tulimwambia asicheke. Filamu isiyosafishwa ikipigwa na jua mara moja, imekwisha. Mama yetu alilala mwaka 2007. Picha yake nyingine hatuna.

Binti alipona. Ashukuriwe Mungu.

Sasa turudi kwa swali. Kwanza habari ya mke wa Lutu, kwa maana andiko hilo linatupwa kwa wakimbizi kila siku kama jiwe. Aliyetazama nyuma aliitazama Sodoma, mji ambao Mungu alikuwa ameuhukumu kwa uovu wake. Lakini waliokaa kando ya mito ya Babeli na kulia walipoikumbuka Sayuni (Zaburi 137:1), hakuna nabii aliyewageuza chumvi. Machozi yao yameingia katika kitabu cha nyimbo za watu wa Mungu. Kwa hiyo swali si kama unatazama nyuma. Ni nini unachokitazama. Mama anayeikumbuka kazi ya mikono yake haitamani Sodoma.

Tena Torati ina neno la ajabu juu ya vyombo vya kazi. Katika Kumbukumbu la Torati 24:6 mkopeshaji anakatazwa kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani, kwa sababu kufanya hivyo ni kuchukua uhai wa mtu. Jiwe tu! Lakini Mungu aliona kwamba jiwe lile ni ugali wa kesho na wa kesho kutwa. Cherehani ni jiwe la kusagia. Jembe, baiskeli ya kubebea watu, sufuria kubwa ya yule dada anayepika maandazi, yote ni mawe ya kusagia. Basi anayelia baada ya kuuza chombo chake halii chuma. Hata sheria ya Mungu ilikwisha kulitambua kilio hicho.

Tulipokuwa chuoni tulihubiri mara nyingi juu ya Esau, na tulimhubiri kwa ukali, kama wahubiri walioshiba. Alikuja kutoka porini na njaa, akauza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu. Leo tunamsoma polepole zaidi. Mwanzo 25:34 haimlaumu Esau kwa njaa yake. Inamlaumu kwa sababu aliidharau ile haki. Alikula, akanywa, akaondoka zake, kana kwamba hakuna kilichotoka mkononi mwake. Aliyeuza kwa lazima na moyo ukamuuma ni kinyume cha Esau. Uchungu wenyewe ni ushahidi kwamba hakukidharau alichokuwa nacho.

Hadi hapa mama yetu atafurahi, na ndugu aliyemkemea atanyamaza. Lakini tukiishia hapa tutakuwa tumesema nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayotuchoma sisi.

Miaka ile yote baada ya 2004 tuliisimulia habari ya kamera. Tuliisimulia vizuri, maana mhubiri hukosa pesa lakini hakosi maneno. Wageni wakija tunaisimulia. Watoto wakiuliza juu ya bibi yao tunaisimulia. Na kila mara ilifika mahali palepale: "Ndipo huyu akashikwa na malaria, tukaiuza." Tukimwonyesha kwa mkono. Yeye aliketi hapo na kusikiliza, miaka mitatu, miaka saba, miaka kumi na miwili. Hatukuwa na nia mbaya. Tulidhani tunamwonyesha jinsi tulivyompenda.

Kamera ya namna ile haikuonekana tena kwa urahisi. Kyocera, kampuni iliyoinunua Yashica mwaka 1983, ilitangaza mwaka 2005 kwamba inaacha biashara ya kamera, na huko mijini watu walihamia kamera za dijitali, kisha simu. Maduka ya kusafisha filamu yakageuka maduka ya kuuza vocha. Mwaka 2022 tulikuwa Kigali kwa kikao cha wachungaji, tukapita mahali fundi mmoja anapotengeneza redio na saa, na juu ya rafu, katikati ya vumbi, tukaiona. Yashica FX-3. Ngozi yake imemeguka pembeni vilevile. Tuliishika, mkono ukaikumbuka wenyewe, dole gumba likaenda mahali pake. Fundi akataka franka 45,000. Tukampa 38,000.

Pesa hiyo ilikuwa ya mabati. Wote mnakumbuka mwaka 2021, mgao wa chakula wa wakimbizi nchini ulipopunguzwa kwa asilimia 60, jinsi kila nyumba ilivyokaza mkanda. Tulikuwa tumeweka akiba kidogo kidogo ili tuzibe paa lililovuja upande wa watoto. Tukaigeuza kuwa kamera, tukaificha kamera kwenye begi chini ya Biblia na madaftari, na tukakaa nayo wiki mbili bila kumwambia Mama Mchungaji. Tunaandika hivi bila kujisifu. Wakati ule tulijituliza kwa habari ya Yeremia, aliyenunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha wakati jeshi la Babeli limeuzingira mji (Yeremia 32), ununuzi ambao machoni pa watu ulikuwa wazimu. Lakini Yeremia alipewa neno na Bwana kwanza, na alipima fedha mbele ya mashahidi. Sisi hatukupewa neno. Tulikuwa na hamu tu, na shahidi wetu alikuwa begi.

Mama Mchungaji alipoigundua hakupiga kelele. Aliigeuza, akatazama chini yake, akasema, "Siyo ile." Kweli siyo ile. Herufi za mjomba hazipo. Kwenye mkanda kuna jina la mtu tusiyemjua, limeandikwa kwa kalamu ya wino, nusu limefutika. Naye labda aliiuza siku fulani kwa sababu fulani. Kisha Mama akauliza, "Na hii itakula nini?" maana filamu hapa Kamembe haipatikani, na ile moja tuliyoletewa kutoka Kigali, ya picha 36, ilikuwa franka 18,000. Kuisafisha ni safari nyingine.

Lakini neno lililotuangusha lilitoka kwa binti yetu. Wakati huo alikuwa na miaka 19. Tulimwita nje jioni, tukamwambia asimame karibu na ua ili tumpige picha ya kwanza. Alisimama. Tulipoinua kamera alisema kwa upole kabisa, "Papa, sasa deni langu limekwisha?"

Tulishusha kamera. Hatukujua la kumjibu, na hata leo hatujui kama tulimjibu vizuri. Miaka 18 tulikuwa tukiililia kamera mbele ya mtu ambaye uhai wake ndio bei yake. Kila tulipoisimulia habari ile, tulikuwa tukimpelekea hati ya deni asiloliomba, na yeye, mtoto mwenye adabu, alikuwa akiipokea na kunyamaza.

Hapo ndipo tulipoona dhambi ilikuwa wapi. Haikuwa katika kulia, na kuuza hakukuwa na kosa. Tungeuza tena kesho kwa nusu ya bei. Ilikuwa katika kuruhusu majuto yetu yatafute mtu wa kuyalipia. Majuto hayapendi kukaa peke yake. Yakikosa mwenye kosa yanamtafuta mtu wa karibu, na wa karibu zaidi ni yule ambaye tulimfanyia lile jambo. Ndivyo Israeli walivyofanya jangwani walipokumbuka samaki na matango ya Misri (Hesabu 11): ilionekana ni habari ya chakula, lakini Musa ndiye aliyebeba mzigo wake, mpaka akaomba afe.

Tena tulipochunguza zaidi tuliona kwamba hata kamera yenyewe hatukuijutia sana. Tuliijutia filamu. Na filamu haikuharibiwa na malaria ya mtoto, wala na mnunuzi, wala na vita. Iliharibiwa na dakika moja ya kutotulia kwetu. Sekunde thelathini za kuzungusha kile kipini kidogo, na picha ya mama yetu ingekuwa mfukoni mwetu. Kosa hilo ni dogo na ni letu, na labda kwa sababu ni letu tulipendelea kusimulia habari ya malaria. Tulimwambia binti yetu jambo hili, lote, kwa mara ya kwanza. Alikuwa hajawahi kusikia habari ya filamu.

Mtauliza, basi kununua ile ya pili kulikuwa kosa? Kuficha kulikuwa kosa, na kutumia pesa ya paa bila shauri la mwenye nyumba mwenzetu. Tuliomba msamaha, na mabati yalichelewa msimu mmoja wa mvua, na watoto walilala wamejibana upande mkavu. Lakini kukitaka tena kitu kizuri kilichotoka mkononi, hilo hatutalikemea. Mtume Paulo, akiwa kifungoni na akijua kwamba siku zake za kuondoka zimefika, alimwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu, hasa vile vya ngozi (2 Timotheo 4:13). Mtu aliyehesabu vyote kuwa hasara kwa ajili ya Kristo bado analikumbuka joho lake, anakumbuka na nyumba lilipobaki. Hatuoni aibu yoyote katika mstari huo. Wala hamwambii Karpo kwamba ni kosa lake.

Tulirudi kwa yule mama juma lililofuata, tukakaa naye nje ya nyumba yake. Tulimwambia kwamba machozi yake si dhambi, na tulimsomea habari ya jiwe la kusagia. Kisha tulimwambia jambo la pili, na hili tulimwambia kwa sauti ya chini, kwa kuwa kijana wake alikuwa amelala ndani, kovu bado bichi: kwamba anapolia kwa ajili ya cherehani alie kwa Mungu, alie kwetu, alie kwa mama wenzake, lakini asilie mbele ya kijana. Na siku kijana atakapouliza mashine imekwenda wapi, amwambie imeuzwa, aishie hapo. Asimtajie bei. Mama alifikiri, akasema, "Lakini ameshaniuliza, Pasta. Nimeshamwambia." Tukamwambia hata sisi tulisema, tena miaka 18, yeye ana miezi miwili tu ya kurekebisha.

Lipo jambo moja ambalo tulilijibu kwa aibu. Alituuliza kwa nini hakumwambia mtu yeyote kabla ya kuuza. Yaani alijiuliza mwenyewe, lakini tulisikia kwamba anatuuliza sisi. Katika Walawi 25:25 ndugu akiwa maskini na kuuza sehemu ya milki yake, jamaa yake wa karibu anakuja kuikomboa. Jamaa wa karibu wa mama huyu wako ng'ambo ya mto, au hawajulikani waliko. Waliobaki ni sisi. Wazee wa kanisa walipokaa Alhamisi tulilileta jambo hili, na kulikuwa na mabishano, maana sanduku letu ni jepesi na waliokopa zamani bado hawajarudisha wote. Mwishoni ilikubaliwa kwamba mwenye chombo cha kazi anayetaka kukiuza kwa ajili ya ugonjwa au msiba aje kwanza kwa wazee, hata usiku. Kanisa litampa kile kinachopatikana, na chombo kitabaki nyumbani kwake kikiendelea kufanya kazi mpaka atakapoweza kurudisha. Mzee mmoja alisema tutapoteza pesa. Huenda amesema kweli.

Cherehani ya mama imepatikana ilipo. Mnunuzi ni fundi nguo wa sokoni, na ameshaizoea. Anataka zaidi ya alivyonunua, jambo ambalo ni haki yake. Wanaokwenda kuzungumza naye ni Mama Mchungaji na dada wawili wa kwaya, siku ya Jumatano. Mwenye chochote cha kuongeza amwone mtunza hazina kabla ya siku hiyo.

Kuhusu kamera, sasa anaishika binti yetu. Mwezi uliopita alishuka nayo ziwani upande wa chini wa Kamembe, mahali Bukavu inapoonekana vizuri ng'ambo, nyumba juu ya nyumba mpaka Kadutu, akapiga picha mbili. Alipiga mbili tu. Filamu bado imo ndani, na tumemfundisha jinsi ya kuitoa.